Batri ya mtumbwi: taa na simu mpaka asubuhi ku ziwa Kivu

Ba ndugu wa Goma wenye munavua sambaza usiku, batri kuisha saa saba njo shida ya bote, kumbe hesabu iko mwepesi. Batri ya volti 12, ampea-saa 40, taa tatu za LED za wati 10 kila moja: wati 30 gawa na 12 inatoka ampea 2.5, zidisha saa 8, inakula ampea-saa 20, njo nusu ya batri, na hapo simama juu batri ya asidi ukiikausha kila siku inakufa haraka.

Simu je? Achana na onduleri, ile mashini ya kugeuza moto ya batri kuwa ya nyumba, inapandisha volti 220 kisha sharja inashusha 5, moto ya batri inapotea njiani bure, tia tu ile sharja ya USB ya gari.

Fizibo, ile inakata moto kama waya zinagusana, weka karibu kabisa na ncha ya plus ya batri. Yangu ilikuwa mbali, waya ikachubukia ku ubao, plastiki ikaanza kunuka, nikang'oa ile waya na mkono, kidole mpaka leo iko na alama.

Batri yenyewe itie ndani ya bidoni ya kukata, ifunge na kamba, isikanyage maji ya chini ya mtumbwi.