Kadi ya ujauzito usiitupe: kuulinda moyo baada ya kujifungua

Mtoto akishazaliwa, kadi yake ya kliniki hupata mfuko wa nailoni na mahali salama kabatini. Ya mama huishia chini ya godoro mpaka ikararuka. Ni hasara kubwa, maana kadi hiyo ndiyo inayoonyesha jinsi moyo na mishipa yako vilivyohimili miezi ile tisa. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo husukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50 kila dakika. Aliyepata shida wakati wa kazi hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo miaka ya mbele, hata kama leo anajisikia mzima kabisa.

Ifungue sasa hivi. Tafuta presha iliyofika 140/90 au kuzidi baada ya wiki ya 20, protini kwenye mkojo, sukari iliyopanda, kujifungua kabla ya wiki ya 37, au mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Ukikuta hata kimoja, kizungushie wino, na kila utakapoonana na daktari, iwe ni kwa malaria au kwa mgongo, kitaje. Kama kadi imepotea, andika kwenye daftari unachokumbuka: mwaka, hospitali, uliwekewa dripu gani, ulipewa dawa gani za kwenda nazo nyumbani.

Presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba, hutokana na kondo la nyuma lisilojishika vizuri. Kondo hilo humwaga kwenye damu vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa. Kondo likitoka presha hushuka, lakini mishipa haisahau. Mama aliyepata tatizo hili ana hatari karibu mara mbili ya ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi, na karibu mara nne ya moyo kushindwa kazi. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara kumi ya kupata kisukari cha kudumu. Takwimu hizi zisikutie hofu: mama mwenye miaka 28 anayejua hali yake ana muda mrefu wa kufanya jambo.

Pima presha kwa tarehe za mtoto

Kosa linaloumiza wengi ni kudhani hatari imeisha pale leba. Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kujifungua, wakati mzazi ameshatoka wodini na yuko nyumbani Buhongwa au Kisesa, huku kwetu Mwanza, akikandwa maji ya moto. Kama ulikuwa na presha ya mimba, pima kila siku wiki ya kwanza, kisha kila wiki hadi wiki ya 6. Baada ya hapo fuata chanjo za mtoto: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 anapochanjwa surua. Kila unapompeleka, mwombe muuguzi akupime na wewe, hata kama foleni ni ndefu. Presha ikiwa bado 140/90 kwenye chanjo ya wiki ya 14, hiyo si ya mimba tena. Ni ya kudumu, na inatibiwa. Ikiwa imeshuka, pima kila mwaka maisha yako yote.

Namna ya kupima ina uzito wake. Kojoa kwanza. Mpe mtoto mtu wa kumshika, kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda uvae kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hudanganya kwa kupanda. Uliza kama wana mkubwa. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, andika zote. Ukipata 150/100 nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukifika 160/110, usisubiri asubuhi.

Aliyekuwa na kisukari cha mimba apime sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12, ikiwezekana kwa kipimo cha kunywa glukosi gramu 75. Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikifika 7.0 mmol/L ni dalili ya kisukari. Hata ikiwa nzuri, rudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote.

Kunyonyesha kunasaidia kiasi gani

Kunyonyesha hutumia takriban kalori 500 kwa siku, na husaidia mwili kutumia mafuta na sukari vilivyowekwa akiba wakati wa mimba. Mwaka 2022 watafiti walijumlisha taarifa za wanawake karibu milioni 1.2, wengi wao kutoka nchi kama Norway, Japani na Uchina. Walionyonyesha walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo chini kwa asilimia 11. Ni faida ya kweli, ila ndogo. Haichukui nafasi ya dawa za presha. Mama ambaye maziwa yamekataa asijilaumu, apime tu presha yake.

Anza ndani ya saa ya kwanza, mpe maziwa pekee miezi 6, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia, kisha endelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2. Presha haiharibu maziwa. Dawa za presha kama nifedipini na enalaprili hutumika kwa anayenyonyesha, hivyo usikatishe dozi kwa kuogopa kumdhuru mtoto.

Mzazi wa huku hulishwa vizuri, na tusibadilishe hilo. Sato wa kuchemsha, dagaa wazima na mifupa yao, mlenda, viazi vitamu: vyote vyema. Kinachoharibu ni chumvi. Kayabo, yaani samaki wa chumvi, iloweke usiku kucha na umwage maji mara mbili. Magadi nayo ni sodiamu, yapunguze kwenye maharage. Siku nzima chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai.

Dalili za kwenda hospitali leo

Kuumwa kichwa kusikopoa, kuona maruwiruwi, maumivu chini ya mbavu za kulia. Pia kushindwa kupumua ukilala chali, kukurupuka usiku ukitafuta hewa, kikohozi na miguu kuvimba: mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, moyo unaweza kudhoofika ghafla, na wengi huambiwa ni uchovu au nimonia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda, na kuukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Kwa anayetoka Sengerema daraja la Kigongo–Busisi linafupisha safari, lakini wa Ukerewe bado anategemea chombo cha majini, kwa hiyo dalili ikianza mchana asiache giza limkute kisiwani.

Kwa uzazi wa mpango, mwenye presha aepuke vidonge vyenye estrojeni, vile vya vichocheo viwili. Kitanzi, kijiti au vidonge vya kichocheo kimoja vinafaa. Ukitumia enalaprili ukahisi mimba, rudi mara moja ubadilishiwe, kwa kuwa inamdhuru mtoto tumboni. Na mimba inayofuata, nenda kliniki kabla ya wiki ya 12 na kadi ya zamani mkononi, uulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo ya kukinga presha ya mimba isirudi: huanzishwa kabla ya wiki ya 16, ikichelewa nguvu yake hupungua.