Rimoti inakaa mfukoni mwangu

Nina mkahawa mdogo Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu: viti kumi, na runinga moja juu ya friji. Rimoti inakaa mfukoni mwangu, haiguswi na mteja. Mvuvi na nahodha waliokuwa wakigawana kashata waliwahi kununiana juma zima kwa sababu ya stesheni, na aliyekosa wateja wawili ni mimi. Ikabidi nijifunze kuchagua taarifa ya habari isiyoegemea upande. Kwa kuwa watu huniuliza, "Ami, leo mbona umeweka hii?", naeleza.

Anza na muda ulio nao. Huku taarifa ya saa moja jioni imekaa baina ya Maghribi na Isha. Watu wanatoka msikitini, wanaagiza kahawa, na adhana ikilia wameshasimama. Nusu saa hiyo usiimalize kwa kurukaruka. Mimi Jumatatu naweka KBC, Jumanne Citizen, Jumatano NTV, Alhamisi KTN. Zote hutoa habari za Kiswahili jioni. Zungusha hivyo mwezi mmoja, utajua kila moja inapenda kuanza na nani na inamsukuma nani nyuma ya matangazo.

Jua pia duka ni la nani. KBC ni ya umma, na Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka vyombo vya aina hiyo viwe huru katika uhariri na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Citizen ni ya Royal Media Services ya S.K. Macharia. NTV ni ya Nation Media Group, iliyoasisiwa na Aga Khan. Hilo peke yake si ushahidi wa upendeleo. Ila kumbuka kuwa serikali hununua matangazo mengi kwenye vyombo vya habari, hata vya watu binafsi. Nina mteja anayechukua vikombe ishirini kwa siku kwa ajili ya mafundi wake. Deni lake huwa nalidai kwa sauti ya chini sana.

Sasa chukua kalamu. Mimi hutumia daftari la madeni, nyuma. Piga mstari katikati ya ukurasa, serikali huku, upinzani kule. Habari ya siasa ikianza, weka alama kwa kila aliyesikika kwa sauti yake mwenyewe, na duara kwa kila aliyesimuliwa tu na mwanahabari. Halafu andika vitenzi. Huyu "amefafanua", yule "amedai". Huyu "amehimiza", yule "amefoka". Siku moja nilihesabu "amedai" nne upande mmoja na upande wa pili hata moja, na wote walikuwa wakizungumzia bei ya unga. Tazama na picha: kamera ikikaa chini karibu na jukwaa, watu mia wanajaa kioo, ikipanda juu, mapengo yanaonekana.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni habari uliyoiona kwa macho yako. Wavuvi walikutana Mkunguni asubuhi moja, kuuliza fidia yao kwa hasara ya bandari mpya ya Lamu. Nilikuwa nimekwenda na birika, najua waliokuwapo kwa vikombe nilivyouza. Jioni stesheni moja, jina nalimeza, ikasema wakazi wa Lamu wanapinga bandari. Hakuna aliyesema hivyo. Tangu hapo, bandari ikitajwa nasikiliza kama fidia nayo itatajwa. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Anayetangaza meli na kuisahau hukumu amekuonyesha bahari bila wavuvi. Wewe tafuta habari ya mlangoni kwako, iwe shule, zahanati au barabara, uwapime nayo.

Tarakimu nazo zisikutishe. Baada ya kura ya urais ya tarehe 9 Agosti 2022, IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, na vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Kila stesheni ikawa inajumlisha zake. Saa ileile huku Ruto anaongoza, kule Raila, na mkahawani kwangu meza ikapigwa hadi kikombe kikaanguka. Kila moja ilikuwa imeanza na fomu tofauti. Kwa hiyo ukiona mtu anaongoza, kwanza tafuta pembeni ya kioo idadi ya vituo vilivyohesabiwa. Isipokuwepo, mimi hubadilisha.

Midahalo ya usiku siiweki kabisa. Wanne wanasema kwa pamoja, na mwendeshaji ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Ukipenda kuitazama, hesabu nani anakatizwa kabla ya kumaliza sentensi.

Na kioo kikiwa cheusi, usipige king'amuzi makofi kama nilivyofanya tarehe 30 Januari 2018. Citizen, NTV na KTN zilikuwa zimezimwa na serikali siku Raila, kiongozi wa upinzani wakati huo, alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park, Nairobi. Kabla sijajua hilo nilikuwa nimeshampandisha kijana juu ya bati kugeuza antena.

Ijumaa hakuna habari mkahawani. Ijumaa naweka taarabu, na hapo hata nahodha akiniomba rimoti nampa.