Namna ya Kupima Vijito ili Malipo ya Hifadhi ya Vyanzo vya Maji Yawe na Ushahidi

Mkulima wa bonde la Mto Simiyu anayeacha ukanda wa majani kando ya kijito, au mfugaji anayetenga ngitili, yaani eneo la malisho lisilolishwa kwa muda, ili majani yapumzike, hupunguza kipato chake kwa faida ya watumiaji wa maji walio chini yake, na ni haki alipwe. Mlipaji, awe mamlaka ya maji au kiwanda, naye ana haki ya kuona kama tope limepungua. Vipimo vianze angalau mwaka mmoja kabla ya malipo ya kwanza, ili mvua za vuli na za masika zote ziwemo katika takwimu za awali.

Chagua vijito viwili vinavyofanana kwa ukubwa, udongo na kilimo: kimoja chenye wakulima watakaolipwa, kingine kisicho na mpango wowote. Hicho cha pili kisiachwe kwa kubana gharama, kwa sababu mwaka wa mvua haba tope hupungua kotekote na mwaka wa mvua kubwa huongezeka kotekote, hata pale ambapo hakuna aliyehifadhi chochote. Weka kipimamvua katika kila eneo, na kabla ya kusimika kifaa mtoni uwasiliane na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria pamoja na jumuiya ya watumia maji ya hapo.

Pima mahali ambapo mkondo umenyooka, juu ya sehemu ya kunyweshea ng'ombe. Simika ubao wenye alama za sentimita, usomwe kila asubuhi. Kupata wingi wa maji, zidisha upana kwa wastani wa kina, kisha achia chungwa lielee mita 10 huku ukihesabu sekunde. Kijito chenye upana wa mita 3 na kina cha mita 0.4, ambamo chungwa limetumia sekunde 20, kina mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde juu ya maji. Ukizidisha mwendo huo kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, kisha kwa upana mara kina, utapata takriban lita 510 kwa sekunde. Kama kila lita ina gramu 0.8 za tope, kijito hicho kinabeba karibu tani moja na nusu kwa saa.

Sehemu kubwa ya tope la mwaka hupita katika mafuriko machache, hasa maji yanapopanda. Anayechota sampuli mara moja kwa mwezi, siku ya jua, atakuwa na daftari nadhifu lisilosema lolote kuhusu mmomonyoko. Kwa hiyo mpimaji awe mkazi wa jirani, alipwe posho, na achote chupa kadhaa mvua inaponyesha, akiwa ukingoni wala si ndani ya maji yanayofurika. Kila chupa iandikwe tarehe, saa na kina, kisha ipelekwe maabara ikachujwe, tope likaushwe na kupimwa uzito.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya malipo ifuate kazi inayoonekana shambani, kama matuta na majani yaliyopandwa, na sehemu ndogo tu ifuate tofauti ya tope kati ya vijito viwili, kwa sababu mkulima mmoja hawezi kubebeshwa lawama ya mlima mzima. Matokeo ya kila msimu yasomwe katika mkutano wa kijiji kabla ya kutumwa kwa mlipaji, ili wenye mashamba wayahoji mapema.