Kuchagua gari dogo la matope na njia za porini

Anayetafuta gari dogo la wazi, lile ambalo dereva na abiria huketi ubavu kwa ubavu, asianze kwa kuuliza nguvu za farasi. Aanze kwa kuinama na kutazama hewa inaingilia wapi. Mengi ya magari haya huendeshwa kwa mkanda wa mpira uliomo ndani ya boksi linalopozwa kwa hewa, na maji yakipenya humo mkanda huteleza, injini ikanguruma bure na gari lisisogee. Kwa hiyo mdomo wa hewa ya injini na ule wa boksi la mkanda yote miwili iwe juu, na kizibo cha kutolea maji yaliyoingia ndani ya boksi hilo kiwe mahali ambapo mkono unafika bila kufungua kitu kingine. Rejeta iliyowekwa chini mbele huziba kwa tope upesi, nami ningependelea iliyoinuliwa.

Upana hutegemea njia: gari la sentimita 127 hupenya kati ya miti, ilhali la 163 hutulia zaidi kwenye mteremko. Tairi zenye kashata ndefu, yaani meno marefu, husaidia sana, ila zikizidi ukubwa hulemea mkanda na jointi za ekseli, hasa dereva asipotumia gia nzito, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu. Difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya mbele, inayofungika ili yote mawili yazunguke pamoja ni ya lazima, na winchi ya kulivuta gari linaponasa pia. Kabla ya kulipa, kagua vifuniko vya mpira vya jointi hizo, kwani kilichochanika hata kidogo huingiza mchanga na kuila jointi yote.