SOMO: Unaleta kundi Mwanza? Soma hapa kabla hujanipigia

Kila likizo ikikaribia simu yangu haipoi. "Kaka, kisiwa cha Saanane tunaruhusiwa kuingia na spika?" "Kaka, Bujora tukivaa kaptula kuna shida?" "Kaka, lile jiwe linalocheza kisiwani Ukara tukilipanda litacheza?" Najibu mmoja, kesho yake anakuja mwingine na swali lile lile. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza kilichoandikwa nitamrudisha juu, na asinune.

Bei sitaji kwa sababu zinabadilika. Piga ofisi husika.

Hatua ya 1: Jua pale ni pa nani. Saanane iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako kwenye eneo la parokia ya Kikatoliki. Makaburi ya Igoma, ya waliokufa na meli ya MV Bukoba, yana wafiwa, na wengine wanaishi hapa hapa mjini. Jiwe la kijijini lina watu wake hata kama hujaona uzio wala kibao. Ukishamjua mwenyewe, maswali mengi yanajijibu.

Hatua ya 2: Mavazi. Magoti na mabega yafunikwe, na kitenge cha ziada kiwepo begini. Basi.

Hatua ya 3: Saanane. Boti inatokea ofisi ya hifadhi, Capri Point. Jaketi okozi ulivae na ulifunge kamba zote, usiliweke mapajani kama mtoto. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi yake pale. Hifadhi nzima, pamoja na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18 tu, ndogo kuliko zote nchini. Ndiyo maana spika moja inasikika kisiwa kizima, na swala pala hana pa kukimbilia.

Usimlishe tumbili. Akionja chapati yako leo, kesho anaitafuta kwenye begi la mtoto wa mtu mwingine, akinyimwa anauma, na lawama anabeba yeye. Pimbi nao wanaota jua juu ya mawe. Wapige picha ukiwa umesimama, usiwafukuze ili waruke vizuri kwenye video. Ukingoni mwa maji usikae kuchezesha miguu. Mamba wapo.

Hatua ya 4: Bujora. Ni Kisesa, barabara ya Musoma. Kutoka lami unaingia ndani kidogo, bodaboda wapo. Kanisa lile la duara bado linasaliwa, kwa hiyo Jumapili usiingie na kamera katikati ya misa ukasema wewe ni mtalii. Ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, usizipige mpaka mwenyeji akuelekeze ipi inaruhusiwa. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini koo zao zipo, na ngoma unayoipigapiga kwa kidole huenda ni ya babu wa aliyesimama nyuma yako.

Mkija wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Ekaristi, mtakuta pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, wanashindana kuvuta watu. Pale umati ndio mwamuzi: upande uliojaza watu ndio umeshinda. Hamahama utakavyo, lakini usikatize uwanja wa wachezaji, na chatu usimshike mpaka anayecheza naye akuite. Tuzo mpe kiongozi wa kundi.

Hatua ya 5: Mawe na mapango ya mila. Hapa vumilieni maneno mengi, kwa sababu ndipo nilipowahi kuumbuka mbele ya wageni.

Kijiji kimoja cha ziwani, nilimchukua kijana wa bodaboda nikamfanya ndiye mwenyeji. Akasema, "Pandeni tu, hakuna shida." Chini ya jiwe palikuwa na chungu kidogo kilichomeguka mdomo, alama nyeupe za unga mwambani, na kibuyu kimeegemezwa. Mgeni mmoja akakinyanyua kibuyu apigwe nacho picha. Alipogeuka, mzee amesimama na jembe begani. Hakufoka. Aliuliza tu, "Nani amewaleta?" Kundi zima likaniangalia mimi. Tulikalishwa barazani kwake mpaka jua likaelekea kuzama, wakaitwa wazee wengine wawili, na kivuko tulikisikia kikipiga honi tukiwa bado tunaomba radhi.

Kwa hiyo:

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, yeye akupeleke kwa mzee. Usianze kwa mzee moja kwa moja, na USIANZE kwa bodaboda. Kijana anaweza kuwa mzaliwa wa pale na bado hana kauli juu ya lile jiwe.

Ukifika kwa mzee, vua kofia na miwani ya jua, salimia, kaa unapoonyeshwa. Swali la kwanza lisiwe "historia yake ni nini". Liwe "ni kitu gani hakifanywi hapa". Wapo watakaosema viatu, wapo watakaosema kupiga mluzi, wapo watakaotaja upande wa kupitia. Kila mahali na yake, usihamishe masharti ya kijiji kimoja kwenda kingine.

Simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Kuruhusiwa kuingia hakujakuruhusu kupiga picha, na kuruhusiwa kupiga picha hakujakuruhusu kuirusha mtandaoni. Uliza yote matatu.

Usinyanyue kitu. Usiongeze kitu pia: kuna watu wanaona sarafu zimewekwa nao wanatupa zao, wanadhani ni bahati nasibu.

Ukikataliwa, ondoka. Huenda kuna msiba, huenda ni siku za tambiko, huenda hawataki tu. Kuongeza dau hapo ni kumtukana mzee mbele ya wajukuu zake.

Shukrani mpe mzee mwenyewe, mwenyekiti akiona.

Hatua ya 6: Makaburi ya MV Bukoba, Igoma. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Usikalie kaburi, usipige picha za mapozi, shusha sauti. Ikiwa ni tarehe yenyewe, waachie wafiwa nafasi. Nyie mnaweza kuja siku nyingine yoyote ya mwaka.

Hatua ya 7: Misikiti na hekalu la Wahindi. Viatu nje, uliza mlangoni kabla ya kuingia, mchana wa Ijumaa msikitini si muda wa matembezi.

Hatua ya 8: Taka. Mlichokuja nacho mnarudi nacho. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, sijui kwa nini bado naulizwa.

Maswali yaanze.

---

Sangara Mzito: Mkuu somo zuri. Sasa Saanane spika ndogo haina shida?

Mleta somo: Hatua ya 3.

Sangara Mzito: Nimeisoma, ila yetu ni ndogo kweli, ya kwaya, nyimbo za dini tupu.

Mleta somo: Pimbi hajui kama ni za dini. Hapana.

Mwalimu wa Darasa la Sita: Habari ya kazi. Mimi naleta wanafunzi kutoka wilayani. Tatizo langu ni kuchora majina kwenye mawe. Nikimzuia mmoja, mwingine ana chaki. Unawashikaje?

Mleta somo: Mwalimu, shikamoo, na asante kwa swali. Kuzuia peke yake hakutoshi, wape mikono kazi. Kila mtoto apewe karatasi na penseli, achague jiwe moja alichore, nyuma aandike jina lake. Kiu ya kuandika jina inaishia hapo. Pili, waeleze mawe yametokeaje kabla hawajayafikia. Wengi wanaamini kuna majitu yaliyapanga. Waambie hii ni granaiti, ilipoa na kuganda chini sana ardhini, ikapasuka kwa mistari ya kusimama na ya kulala. Maji yakapenya kwenye nyufa yakala kona kwanza, ndiyo maana yakawa mviringo. Udongo wa juu ukachukuliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, yakabaki wazi yamekaliana vile vile yalivyokuwa. Mtoto akijua jiwe limekaa pale muda wote huo, chaki inamwia nzito. Tatu, wagawe vikundi vidogo, kila kikundi na mwalimu wake. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya kuliko chaki: ikishika haitoki, na dawa ya kuitoa inakula uso wa jiwe.

Mwalimu wa Darasa la Sita: Marahaba. Hili la penseli nalichukua.

Mtoto wa Pasiansi: Tunataka picha za kabla ya harusi juu ya Jiwe la Bismarck, bibi harusi na gauni lake refu. Inawezekana?

Mleta somo: Gauni refu, jiwe la mviringo, ziwa chini. Ndugu yangu. Pigeni mkiwa nchi kavu jioni, jiwe likiwa nyuma yenu na jua linazama. Ukiwa juu yake jiwe lenyewe halionekani kwenye picha.

Jicho la Angani: Droni je?

Mleta somo: Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hifadhini, kibali cha TANAPA juu yake. Kijijini, ruhusa ya mzee pia.

Jicho la Angani: Kwani mzee anamiliki anga?

Mleta somo: Jaribu uone droni itatua kwenye mikono ya nani.

Aliyeokoka: Mnatuingiza kwenye ushirikina. Jiwe kaliumba Mungu, mimi siwezi kumwomba mzee wa mizimu ruhusa.

Mleta somo: Hakuna aliyekuambia uabudu, soma tena. Umeambiwa ubishe hodi. Bujora kazi ya kukusanya vitu vya watemi ilianzishwa na padre, David Clement, mmisionari kutoka Canada, na akaviweka kwenye eneo la parokia yake. Imani yake haikumzuia kuviheshimu. Kama yako inakuzuia, Saanane hakuna mizimu, nenda huko.

Aliyeokoka: Usinijibu kwa kiburi.

Mleta somo: Sawa, nipunguze ukali. Lakini jibu ni lile lile.

Mzaliwa wa Magu: Nilikuwa Kageye, kijiji cha ziwani huku kwetu, nikaokota kigae cha chungu na shanga moja ya bluu. Nivipeleke wapi? Au nibaki navyo kama kumbukumbu?

Mleta somo: Usibaki navyo. Kageye palikuwa kituo cha misafara, watumwa walipita pale, na mwaka 1875 mvumbuzi wa Kizungu, Stanley, aliishusha majini pale boti yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka pwani. Kwa hiyo shanga ndogo inaweza kuwa na mengi ya kusema, ila inasema ikiwa pale pale ilipolala. Ukiiondoa, mtaalamu hajui tena ilikuwa pamoja na nini wala tabaka gani la udongo. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Ulipiga picha mahali ulipookota?

Mzaliwa wa Magu: Ndiyo, na mti mkubwa unaonekana nyuma.

Mleta somo: Safi sana. Andika tarehe, chukua na picha hizo, peleka kwa afisa utamaduni wa wilaya, umwonyeshe mahali. Siku nyingine piga picha, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, kiache.

Mkara Halisi: Mleta somo umesema vizuri, ila wapo wageni wamejifunza "mwadila" wakija Ukara wanatusalimia kwa Kisukuma wakidhani wametufurahisha. Kiswahili kinatosha. Na mkija kuona jiwe linalocheza, kumbukeni tuna makaburi ya waliokufa na kivuko cha MV Nyerere, kilichozama 20 Septemba 2018. Maneno yako ya Igoma yahesabike na huku.

Mleta somo: Asante sana, nilipaswa kuyaandika hayo juu. Wadau, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana ni za Usukumani. Visiwani fuateni alivyosema Mkara.

Sangara Mzito: Njia ya Ukara ni ipi?

Mkara Halisi: Mwanza hadi Nansio kwa meli, Nansio hadi Bugolora kwa gari, Bugolora hadi Bwisya kwa kivuko. Mkiambiwa kimejaa, kimejaa. Subirini kinachofuata.

Mama Kwaya: Na tukitaka dagaa wa kurudi nao Dodoma?

Mleta somo: Mwaloni, Kirumba. Ulizia waliokaushwa kwenye chanja, waliolazwa mchangani wanakuja na mchanga wao. Chukua konzi moja, sugua viganjani juu ya karatasi nyeupe, utauona. Sangara aliye chini ya sentimita 50 usinunue hata kama bei ni nzuri, huyo bado hajazaa. Na nenda na kikapu chako.

Mama Kwaya: Kikapu kikubwa kiasi gani?

Mkara Halisi: Mama, kwa kwaya nzima? Leta gunia.