Tela likitikisa mkia, anzia shingoni

Mie kazi yangu ni kuvuta boti za faiba kwa tela, aghlabu kutoka bandari ya Mkoani mpaka Wete, mara nyengine hadi Konde. Barabara za Pemba mnazijua: kilima, bonde, kona, kilima tena. Ukiwa na tela lililopakiwa vibaya, safari moja tu itakwambia.

Mimi iliniambia mwisho wa kusi, karafuu zimeshaanza kuanikwa. Nilipakia boti ya futi 23, injini yake nzito imefungwa nyuma. Mwenye mali akanambia, "Ami, haya madumu ya petroli na hii nanga si tuyatie humohumo?" Tukayatia nyuma, maana ndiko mkono ulikofika. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Mtambile nikahisi gari inavutwa matako kulia, halafu kushoto, halafu kulia zaidi. Nikakanyaga breki. Tela likanijia ubavuni, na tuliposimama gurudumu lake moja lilikuwa mtaroni, hatua chache tu kutoka mkeka wa karafuu. Bibi mwenye karafuu hakusema neno. Alikunja mkeka wake akausogeza mbali.

Basi kwanza nikwambie usilifanye nililolifanya. Tela likianza kupepea, yaani mkia kuyumba huku na huku, toa mguu kwenye mafuta na shika usukani uelekee mbele. Usijaribu kulifukuza kwa kukata kushoto na kulia, kwani kila ukikata wewe, lenyewe limeshageuka, na unalisukuma zaidi. Breki ya gari iache mpaka litulie: gari ikipungua mwendo ghafla, tela linaisukuma kwa nyuma na kujipinda. Kama tela lako lina breki za umeme zenye swichi yake, bonyeza hiyo peke yake, italivuta nyuma linyooke. Wapo wanaosema ukanyage mafuta ulinyooshe. Usiwasikilize, mwendo ndio unaolitia nguvu.

Sasa tafuta sababu. Jiulize linaanza lini. Likianza kila ukifika mwendo fulani, au likipitwa na basi au kupigwa na upepo wa ubavuni, mara nyingi ni uzito. Likivuta upande mmoja safari nzima, tazama ekseli, tairi, au breki iliyong'ang'ania. Ukisikia "tku, tku" kila ukitia na kutoa mafuta, maungio ya tela na gari yana nafasi. Mbele na nyuma zikipanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi, hayo ni mambo ya springi na shokapu, si kupepea.

Uzito ndio wenye kesi nyingi, kwa hiyo nitakaa hapo. Shingo ya tela, pale linapokalia gari, inatakiwa ibebe kiasi cha asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Matela ya boti wengine huyashusha chini ya hapo; mie siteremki chini ya 10. Kupima hakutaki mitambo. Chukua mizani ya kujipimia watu, tofali na ubao mgumu. Ubao uweke ncha moja juu ya tofali, nyengine juu ya mizani, uwe sawasawa. Shingo iteremshe juu ya ubao futi moja kutoka kwenye tofali na futi mbili kutoka kwenye mizani, halafu namba utakayoisoma zidisha kwa tatu. Tela liwe kwenye ardhi tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na shingo iwe kwenye kimo kilekile inachokaa likifungwa kwenye gari.

Jioni ile mizani ilisoma 18, yaani kilo 54. Tulipojumlisha boti, injini, tela na mzigo tukapata kama kilo 1,300. Asilimia nne! Tukahamisha madumu matatu na nanga mbele kabisa, tukaivuta boti kwa winchi shibiri moja mbele, na nguzo ya winchi tukaisogeza ifuate. Mizani ikasoma 49, kilo 147. Tusingeongeza zaidi ya pale, maana shingo ikizidi uzito gari inakaa kitako, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinamulika minazi. Tena kila gari ina kikomo chake cha uzito wa shingo, angalia kitabu chake kabla hujajaza.

Ukishamaliza uzito, weka pimamaji juu ya chesisi, ile fremu ya tela. Tela likae sawa au liiname mbele kidogo; likiinua pua ni matatizo.

Tairi pima asubuhi zikiwa baridi. Za tela mie nazijaza mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, na za nyuma za gari nafuata kibandiko cha mlangoni kwa gari yenye mzigo. Halafu kamba: ifunge katikati ya shingo, ivute mpaka ncha ya ekseli ya kulia, kisha ya kushoto. Urefu usipolingana, ekseli imehama. Sisi tunayazamisha matela baharini, chumvi inakula yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika ekseli, na ekseli inateleza bila mtu kujua. Inua gurudumu kwa jeki ulitikise juu na chini. Likicheza, fungua beringi. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeshaingia maji.

Kwenye maungio, tazama tufe la chuma na kikombe chake ni vya kipimo kimoja. Tufe la milimita 50 na la inchi 2 yanafanana sana, lakini hayakai sawa kwenye kikombe cha mwenzake. Ukishafunga, weka jeki chini ya shingo upandishe. Matako ya gari yakiinuka pamoja nayo, imeshika.

Wenzetu wa Marekani wanaovuta nyumba za matela wana vyuma maalumu vya kugawa uzito na kuzuia kupepea. Vinasaidia, lakini mzigo uliokaa vibaya havitaupanga kwa niaba yako.

Rekebisha kitu kimoja tu, kisha ujaribu, ama sivyo hutajua kilichoponya. Mie hutoka baada ya alfajiri, barabara haina watu, naanza kilomita 30 kwa saa na kupanda kidogo kidogo. Mkia ukianza kucheza huku na huku, naiandika namba ya mwendo ule na kurudi kutazama tena.

Wiki ya pili nilipita kwenye mteremko ule na boti nyengine, tela limetulia nyuma yangu kama halipo. Bibi alikuwepo. Alipoliona tela tu, akainuka akaanza kukunja mkeka.