Jinsi ya Kufuatilia Dai la Kazi Katika Mpango wa Ajira Vijijini Nchini India

Sheria ya ajira vijijini ya India ya mwaka 2005, ambayo mwaka 2009 iliongezewa jina la Mahatma Gandhi, ilitamka jambo ambalo serikali chache duniani zimethubutu kulitamka: kila kaya ya kijijini ambayo watu wake wazima wako tayari kufanya kazi za mikono ina haki ya kupewa siku 100 za kazi yenye ujira katika kila mwaka wa fedha. Utekelezaji ulianza Februari 2006 katika wilaya 200 na kufikia mwaka 2008 ulikuwa umeenea katika wilaya zote za vijijini. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayemsaidia kibarua kudai haki hiyo, na pia kwa mtafiti anayetaka kujua dhamana hiyo ya kazi hukwama wapi. Wengi huanza na takwimu za taifa zima. Nashauri kuanza na kaya moja na karatasi zake, kwa kuwa huko ndiko haki inakopotelea.

Desemba 2025 Bunge la India lilipitisha sheria nyingine ya kuchukua nafasi ya ile ya 2005. Sheria hiyo inaahidi siku 125, lakini inayatwisha majimbo mengi asilimia 40 ya gharama na inaruhusu kazi zisimame hadi siku 60 kwa mwaka katika misimu ya kupanda na kuvuna. Hatua zinazoelezwa hapa zimetokana na sheria ya 2005 na uzoefu wa miaka 20 uliojengeka juu yake. Anayefuatilia dai chini ya sheria mpya asome kwanza kanuni za jimbo lake, kisha aulize maswali haya haya.

Anza na kadi ya kazi. Halmashauri ya kijiji ilitakiwa kuitoa ndani ya siku 15 baada ya kaya kujiandikisha, nayo ilipaswa kukaa mikononi mwa mwenyewe. Usiulize tu kama kaya ina kadi, bali omba kuiona. Ukiambiwa kwamba iko kwa karani au kwa kiongozi wa kijiji, umekwishapata kasoro ya kwanza, kwa sababu anayeishika kadi anaweza kuandika humo siku ambazo hazikufanyiwa kazi, na mwenye kadi asijue lolote.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha mambo yote, nami naomba isomwe kwa makini. Mtu anapoomba kazi, ni lazima apewe stakabadhi yenye tarehe. Kuanzia tarehe hiyo serikali ina siku 15 za kumpatia kazi, na ikishindwa inamlipa posho ya kukosa kazi, isiyopungua robo ya ujira kwa siku 30 za mwanzo na nusu ya ujira baada ya hapo. Ujira wa vibarua ulilipwa na serikali kuu, ilhali posho hii ilitoka katika mfuko wa jimbo. Kwa hiyo ofisi ya chini ilikuwa na kila sababu ya kutotoa stakabadhi, maana pasipo tarehe hakuna ucheleweshaji, na pasipo ucheleweshaji hakuna posho. Maombi yalipokewa kwa mdomo, au yaliandikwa siku ile ile kazi ilipopatikana, na kumbukumbu za serikali zikaonyesha kwamba karibu kila aliyeomba alipata. Anayesoma kumbukumbu hizo bila kulijua hili atadhani kwamba kijiji kizima kimetosheka.

Basi ombi liandikwe katika nakala mbili, likiwa na majina ya waombaji, namba za kadi na tarehe wanazotaka kuanza kazi. Ni afadhali liwasilishwe na kundi kuliko mtu mmoja, kwa kuwa ni rahisi kumrudisha nyumbani mjane mmoja na ni vigumu kuwarudisha watu 30. Nakala ya pili igongwe muhuri na itiwe sahihi na tarehe papo hapo. Halmashauri ikikataa, sheria iliruhusu ombi lipelekwe kwa afisa wa mpango aliye ngazi ya juu yake, ambaye naye anadaiwa stakabadhi.

Kazi ikipatikana, nenda hadi inapofanyika. Inapaswa kuwa ndani ya kilomita 5 kutoka kijijini, la sivyo ujira unaongezwa asilimia 10. Pawepo maji ya kunywa, kivuli na sanduku la huduma ya kwanza, na kama kuna watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita, mmoja wa akina mama apangiwe kuwalea na alipwe ujira kamili. Wakandarasi wamepigwa marufuku, vivyo hivyo mashine zinazochukua nafasi ya watu. Ukitaka kujua kama lambo limechimbwa kwa mikono, tazama kingo zake: sepetu na jembe huacha vikato vifupi visivyolingana, bali meno ya mashine huacha michirizi mirefu iliyo sambamba.

Kisha omba daftari la mahudhurio, uliweke kando ya kadi, na ulinganishe mstari kwa mstari. Tangu Januari 2023 mahudhurio hurekodiwa kwa simu, kwa picha mbili kila siku. Mtandao ukikosekana, kibarua aliyeshinda juani anaweza kuhesabiwa kuwa hakufika, kwa hiyo kila kikundi kiwe na daftari lake dogo la siku na majina. Ujira ukitolewa kwa kipimo cha udongo uliochimbwa, wachimbaji wenyewe washike kamba siku ya kupima na waandike urefu, upana na kina.

Malipo yanatakiwa ndani ya siku 15 baada ya daftari kufungwa. Kuanzia siku ya 16 kuna fidia ya asilimia 0.05 ya ujira kwa kila siku, yaani anayedai rupia 3,000 anaongezewa rupia moja na nusu kwa siku. Ni kidogo mno, lakini idaiwe, kwa sababu kulipwa kwake ni kukiri kosa. Hesabu ucheleweshaji wa aina zote mbili: siku zilizopotea katika ofisi ya chini na zile zilizopotea baada ya agizo la malipo kufika serikali kuu. Hizi za pili kwa miaka mingi hazikuhesabiwa, hadi Mahakama ya Juu ilipolikemea jambo hilo mwaka 2018. Angalia pia tahajia ya jina. Tangu Januari 2024 malipo hupitia namba ya kitambulisho cha Aadhaar, na tofauti ya herufi moja kati ya kadi na kitambulisho inaweza kumzuilia mtu ujira wake wote.

Mwisho ni ukaguzi wa kijamii, ambao kila miezi sita huwakutanisha wanakijiji ili daftari lisomwe kwa sauti mbele yao. Mzizi wake ni mikutano ya hadhara ya jimbo la Rajasthan katika miaka ya 1990, ambako watu walisikia majina ya marehemu yakitajwa miongoni mwa waliolipwa. Fika ukiwa na kadi, kitabu cha benki na nakala za daftari ulizozipitia mapema na waliotajwa humo.

Liko tatizo ambalo stakabadhi haiwezi kulitatua. Machi 2022 serikali kuu ilisimamisha fedha za jimbo zima la West Bengal kwa madai ya ukiukaji wa taratibu, na hata waliokwisha kufanya kazi wakakosa ujira. Mahakama Kuu ya Calcutta iliamuru mwaka 2025 mpango uanze tena. Katika hali kama hiyo kadi zisirudishwe ofisini wala zisibadilishwe kwa mpya kabla kila ukurasa haujanakiliwa na siku ambazo hazijalipwa hazijatiwa sahihi na msimamizi wa kazi.